Bahasha ya Saa Sita: Kusomea Ubingwa Marekani na Nyumbani Mombasa

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2024 nilisimama nyuma ya ukumbi wa chuo chetu cha udaktari hapa Marekani, nikiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikiwatazama walionitangulia wakisubiri saa sita ya mchana ili wafungue bahasha. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na jina la hospitali moja tu, ile ambayo ingemwajiri mwenye bahasha na kumfundisha ubingwa. Siku moja kabla yake, Alhamisi, madaktari wa Kenya walikuwa wameanza mgomo ambao hatimaye ulidumu siku 56, na moja katika mambo yaliyogombaniwa lilikuwa ujira wa madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikashikilia kwamba uwezo wake ni shilingi 70,000. Dada yangu, binti wa ami yangu, alikuwa amemaliza miaka yake sita ya udaktari Nairobi, amerudi Mombasa, anasubiri kupangiwa hospitali ya uanagenzi. Nilimpigia simu usiku ule. Hakulalamika. Aliniuliza ni wangapi katika darasa lile wamechagua magonjwa ya ndani, kisha akasema anakwenda kumpima ami presha.

Mimi na yeye ni marika, tumekulia nyumba moja katika Mji wa Kale, na sote wawili tulivutwa na udaktari na mtu mmoja, nyanya yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyanya alikuwa na kisukari na presha. Dawa zake alizihifadhi katika mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya kabati, na kila alipotoka kliniki alikuwa na karatasi mpya ya vidonge juu ya zile za zamani, kwa sababu kila safari alionwa na daktari mwingine. Siku moja tulikaa naye barazani tukaumimina mkebe ule juu ya mkeka: metiformini, dawa ya kisukari, kutoka maduka matatu tofauti, dawa mbili za presha ambazo tulikuja kujua baadaye kwamba ni dawa moja yenye majina mawili, na vidonge vyeupe ambavyo hata mwenyewe hakukumbuka ni vya nini. Alikuwa akizimeza zote. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miezi, naye akidhani ni uzee.

Mtu ambaye nyanya alikosa kumpata ndiye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, anayemshika mgonjwa mtu mzima kwa ukamilifu wake, moyo, figo, mapafu, sukari na damu, akaumimina mkebe mzima na kuuliza kila kidonge kimo kwa sababu gani. Kwa hiyo nilipofika wakati wa kuchagua sikusumbuka. Nilihamia Marekani mwaka 2017 kumfuata mamangu, nikasoma shahada ya kwanza miaka minne, kisha udaktari miaka minne mingine, na mnamo Septemba 2024 nikaketi kuomba nafasi ya residensi, kama wanavyoyaita mafunzo hayo hapa. Kwa magonjwa ya ndani huchukua miaka mitatu.

Maombi yote hupitia mfumo mmoja wa mtandaoni. Mwanafunzi hujaza fomu moja, akaambatisha barua za mapendekezo za walimu wake, barua ya mkuu wa kitivo na matokeo ya mitihani ya taifa, halafu huchagua hospitali za kuzitumia. Msimu ule ada ilikuwa dola 11 kwa kila hospitali hadi 30, na kuanzia hapo dola 30 kwa kila moja. Mimi niliomba 40, zikanitoka dola 630 kabla ya kusikia neno lolote kutoka kwa mtu yeyote. Waombaji wa magonjwa ya ndani tulipewa pia ishara 15, tatu za dhahabu na 12 za fedha, za kuzijulisha hospitali chache kwamba tunazitaka kwa dhati. Mahojiano mengi hufanywa kwa video tangu mwaka 2020, jambo ambalo limewapunguzia wanafunzi nauli na hoteli, nami nashukuru.

Kilichonishinda kwa wiki nyingi kilikuwa ukurasa mmoja: insha ya kujieleza. Sisi tumelelewa tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa Mji wa Kale akisifiwa mbele ya wageni huinamisha kichwa, na anayejisifu mwenyewe huonekana hakufunzwa kwao. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa “sisi”: tulimhudumia, tuligundua, walimu wetu walituongoza. Mwalimu wangu mmoja wa wodini, mtu mpole sana, aliisoma hadi mwisho, akaniuliza mimi mwenyewe nimo wapi humo ndani. Niliumia, kwa maana nilidhani nimeonyesha adabu. Nikaifuta yote na kuanza na mkebe wa biskuti. Nikaandika nilichokiona kwenye mkeka ule, nilichokosa kukijua siku ile, na ninachokifanya sasa ninapokutana na mgonjwa mwenye mkebe wake, maana hata Marekani wamo tele. Kujieleza kwa namna ile sikukuona tena kuwa ni majisifu, kulikuwa ni kutoa ushahidi, na ningependa vijana wetu wafundishwe tofauti hiyo mapema kuliko nilivyofundishwa mimi.

Baada ya mahojiano mwombaji huziorodhesha hospitali kwa namna anavyozipenda, na hospitali nazo huwaorodhesha waombaji. Orodha zote huingia katika kompyuta moja. Utaratibu huu wa kuoanisha ulianza mwaka 1952, na hesabu zake zilisanifiwa upya zikatumika kuanzia 1998, ili zianze na chaguo la mwombaji badala ya la hospitali. Alvin Roth aliyeongoza usanifu huo alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Naitaja historia hii kwa sababu ina jambo linalonigusa mimi mwana wa Mombasa. Katika hatua ile ya mwisho hakuna simu ya mjomba wala cha mkubwa fulani. Mtoto asiye na mtu huingia kwenye kompyuta ileile na mtoto wa profesa, na mwenye kuandika matakwa yake kwa ukweli hapati hasara kwa ukweli huo.

Sidai kwamba mfumo huu ni wa haki kwa wote. Hospitali moja niliyoipa ishara ya dhahabu haikunijibu kabisa, hata kwa mstari mmoja wa kunikataa, na nilijua kuwa nimekataliwa kwa kuhesabu wiki. La uzito zaidi ni hili: katika wahitimu wa udaktari wa vyuo vya Marekani, zaidi ya 90 kwa kila 100 hupata nafasi, lakini madaktari wa kigeni waliosomea nje hawafiki 60. Dada yangu angekuwa katika kundi hili la pili. Angelazimika kwanza kupata cheti cha ECFMG, shirika linalowaidhinisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, afanye mitihani ya Marekani ambayo ada yake ni kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa watu wengi Mombasa, na akipata nafasi kwa viza ya J-1, ile ya wageni wanaokuja kwa mafunzo, Wizara ya Afya ya Kenya imwandikie barua inayothibitisha kwamba nchi inahitaji mabingwa wa aina yake. Baada ya masomo hutakiwa arudi nyumbani kwa miaka miwili, isipokuwa apate msamaha, na msamaha unaojulikana zaidi hutolewa kwa daktari anayekubali kufanya kazi miaka mitatu katika sehemu ya Marekani yenye uhaba wa madaktari. Barua inayosema Kenya inamhitaji ndiyo inayomfungulia mlango wa kutoka, na uhaba wa Marekani ndio unaomzuia kurudi. Nimelitafakari hili mara nyingi na sijaona namna ya kulizoea.

Hata hivyo, tofauti kubwa kuliko zote imo katika kile kinachofuata baada ya bahasha kufunguliwa. Kilichomo ndani ni kazi. Tarehe 1 Julai daktari mpya huanza na mkataba mkononi, mshahara unaozidi dola 60,000 kwa mwaka, bima ya afya, na ukomo wa saa 80 kwa wiki, ambazo ni nyingi na zinachosha, lakini zimeandikwa na mtu anaweza kuzidai. Hakuna anayemtoza karo, kwa sababu kila usiku anaolala wodini anahudumia wagonjwa, na hilo linajulikana na kulipwa.

Nyumbani, daktari aliyekwisha kusajiliwa na anayetaka ubingwa huo hujiunga na chuo kikuu kwa shahada ya uzamili. Aliyebahatika hupewa ruhusa ya masomo na mwajiri wake, mshahara wake ukaendelea. Asiyebahatika hulipa karo kutoka mfukoni, na wakati huohuo hupanda na kushuka wodini usiku na mchana, akiandika dawa, akitoboa vifua vilivyojaa maji, akiwafundisha wanagenzi, bila ya ujira wowote kwa kazi hiyo. Chama cha madaktari, KMPDU, kimelipigia kelele jambo hili kwa miaka. Mtu huyo tunamwita mwanafunzi, na kwa jina hilo tunajipa ruhusa ya kutomlipa. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na kaunti yenye bajeti finyu humtazama daktari anayeomba kwenda kusoma kama pengo katika zamu, badala ya kumtazama kama bingwa atakayerudi.

Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba hapa ndipo pa kuanzia. Mombasa ina hospitali kuu ya rufaa inayopokea wagonjwa wa Pwani nzima, kutoka Lamu hadi Kwale. Wagonjwa wa kujifunzia hawakosekani, na walimu wapo. Kimekwisha kuanzishwa pia chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOP, ambacho humwezesha daktari kusomea ubingwa akiwa hospitalini. Njia hiyo ikiunganishwa na mkataba wa ajira wa kaunti, wenye mshahara na muda maalumu wa kuitumikia Pwani baadaye, kijana wa Likoni au Kongowea hatalazimika kuchagua kati ya ubingwa na chakula cha watoto wake.

Tena dada yangu ana ujuzi ambao mimi sikupewa. Likizo moja alinichukua kumtazama jirani aliyekuwa akilalamika uchovu. Alishusha kope yake ya chini, akaitazama sekunde mbili, akaweka kiganja tumboni upande wa kushoto, akamwambia avute pumzi, na akanieleza bandama imefika wapi kabla sijamaliza kuwaza kipimo cha kuagiza. Vidole vyangu havijui kusikia hivyo. Huku mwanafunzi huzungukwa na mashine na wanasheria, hugusa mgonjwa kwa nadra, na ujuzi wa mikono humjia kwa kuchelewa. Daktari kama yule ndiye tunayemtoza karo.

Mimi nilifungua bahasha yangu tarehe 21 Machi 2025, saa sita ya mchana huku, saa moja ya jioni Mombasa, ndani ya Ramadhani. Nyumbani kwa ami walikuwa ndio kwanza wamefuturu. Simu waliiegemeza kwenye birika la kahawa ili wote wanione, na nilipousoma ule mstari dada yangu alipiga kigelegele kabla ya mama yangu aliyekuwa kando yangu. Ami alisubiri kelele zitulie, akanipongeza, akaniombea dua, kisha akaniuliza karo yake ni pesa ngapi kwa mwaka, ili ukoo uanze kujipanga. Nikamwambia, “Ami, hakuna karo. Wao ndio watakaonilipa.” Akanyamaza. Akamgeukia binti yake, ambaye wiki ileile alikuwa amekwenda kuulizia karo ya ubingwa, akamwuliza kama amenisikia vizuri.