Wabia Ishirini, Farasi Mmoja

Farasi wa ubia ana kero moja isiyoisha: wenye hisa wote hujazana kwenye kiwanja kidogo anakozungushwa kabla ya mbio. Hapo joki, yaani mpanda farasi wa mbio, ana dakika chache tu za kupokea maelekezo ya mkufunzi: atangulie mapema au asubiri nyuma, abane uzio wa ndani au atafute nafasi pembeni. Badala yake anashikana mikono na umati, kila mwenye asilimia tano na mbinu yake!

Wengine hupita nyuma ya farasi, palepale teke linapofika. Farasi hamwoni aliye nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo akishtuka anarusha mguu. Simu zenye mwanga ndiyo balaa kabisa. Farasi mwenye wasiwasi hutokwa jasho mpaka povu jeupe likajaa katikati ya mapaja, na nguvu za mbio zikaishia hapohapo. Kisha lawama kwa joki.

Mbio zikiisha, picha! Jamani, farasi anahema, mwili unawaka. Anahitaji kumwagiwa maji baridi mfululizo na kutembezwa taratibu. Mpisheni mtunzaji na ndoo zake.