Tapas zangu na kijana wa zege

Kama unakaa Tanga alafu unataka kualika watu uwalishe kwenye visahani vidogo vidogo, kwanza hakikisha hawajui nyumba yako ilipo.

Mi nlishaangalia video za tapas za Hispania mpaka nikaona huu ndo ustaarabu wenyewe. Visahani vingi mezani, huyu anadonoa hapa yule kule, stori zinaendelea, hakuna cha kukuna nazi wala kulia na moshi wa sufuria la wali. Nkawaalika mashoga zangu wanne wa kikoba, njooni baada ya Isha, nawapikia vya Kihispania, na Wahispania wenyewe chakula cha usiku saa tatu saa nne ndo kwanza wanakaa, nikaona hapo tumepatana. Wenzangu waliposikia "nawapikia" mchana hawakula kabisa, wanatunza nafasi.

Vitu vyenyewe ukivitazama vyote tunavyo: viazi, mayai, kamba, pweza, nyanya, kitunguu saumu. Kilichonitoa jasho ni mafuta ya zeituni maana kule ndo kila kitu, na hapa Ngamiani mafuta ya zeituni mi nayajua kwenye duka la dawa za asili, vichupa vidogo vimepangwa pembeni ya habat soda. Muuzaji kuona nakomba vichupa vyote akaniangalia kwa huruma, "Pole dada, mgonjwa anaendeleaje?" Nafika nyumbani naanza kukaanga, mama mkwe huyo katoka chumbani anashika ukuta, "Nani kapandisha humu? Mbona nyumba nzima inanuka kisomo?"

Kamba hawakunisumbua, kitunguu saumu, pilipili, mafuta, dakika mbili tatu wameiva. Sasa pweza. Nlimchukua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, mkubwa, kashapigwa vizuri kalainika. Kule Galicia, huko huko Hispania, wana namna yao ya kumtisha pweza, ndivyo wanavyosema wenyewe, kumtisha: unamshika kichwa unamchovya kwenye maji yanayochemka unamtoa, unamchovya unamtoa, mara tatu, ndo unamwacha aive, eti ngozi isibanduke. Basi nimemning'iniza juu ya sufuria, mikono yote nane inajikunja kwenda juu, mvuke umejaa jikoni, nageuka mama mkwe kasimama mlangoni.

"Mwanangu, huyo si kashakufa? Unamtesea nini?"

"Namtisha tu mama."

Hakujibu. Akarudi chumbani pole pole nkamsikia anampigia simu mwanawe Dar, anaongea kwa sauti ya chini.

Nikabaki na tortilla, ambayo ndo nilikuwa nimeitangaza zaidi. Viazi na vitunguu vyembamba, unavipika taratibu kwenye mafuta vilainike tu visikauke, unavichuja, unachanganya na mayai, unarudisha kwenye frampeni. Chini ikishashika unafunika sahani juu, unageuza kwa mpigo mmoja, unairudisha upande wa pili. Nimefunika, namaliza bismillah, hodi hodi mlangoni, nikageuza. Sahani kumbe ni ndogo kuliko frampeni! Ikazama ndani, tortilla ikachomokea ubavuni, nusu ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kudekia na nusu ikabaki kwenye kanga yangu.

"Karibuniii!" nikaitikia, huku natokea mlango wa uani mpaka kona kwa kijana wa chipsi. Nkamwambia zege mbili, chipsi mayai hizo, usikaushe, vitunguu kwa wingi, na usinikatekate. Yule mtoto kafunika sahani akageuza kwa mkono mmoja huku anaongea na simu, wala hakutazama. Roho iliniuma jamani. Akaniwekea kwenye sahani zake, nikamwambia ntazirudisha.

Mezani kulipendeza, siwezi kusema uongo. Boflo nimezisugua kitunguu saumu na nyanya nikazichoma vijiti vya meno, na kiherehere changu nikawaeleza kwamba San Sebastián kuna baa vijiti ndo vinahesabiwa mwisho, kujua mteja unadaiwa ngapi.

"Kwa hiyo shoga unatuhesabia?" Yule wa Makorora akakirudisha kijiti chake na boflo yake. Yule wa Sahare yeye akala alafu vijiti akavitumbukiza kwenye mkoba.

Pweza walimla kwa adabu wakiulizia ndimu. Ila tortilla! "Hapa sasa ndo umepika." "Wazungu wanajua mayai hawa." Mwalimu peke yake alikuwa anatafuna kwa mawazo, "Hii ladha nshawahi kuipata mahali, sijui wapi." Nikamwambia labda kwenye semina, hotelini.

Visahani vikaisha. Wakanawa mikono, wakarudi wakakaa wima, kimya, wanatazama mlango wa jikoni. Nami nimekaa. Feni inazunguka. Mwishowe wa Makorora akajitanda vizuri akanyanyuka, "Mwenzetu umechoka, ngoja nikusaidie kupakua."

"Kupakua nini?"

"Si chakula!"

Kabla sijapata la kusema, hodi. Kijana wa chipsi, mkononi kanailoni kamefungwa fundo. "Dada nafunga, naomba sahani zangu. Alafu umesahau kachumbari yako, na ile jero ya kuongeza vitunguu bado."

Macho yote kwenye sahani. Mwalimu akainyanyua moja akaitazama chini, ina alama ya rangi nyekundu ya kucha. "Nlijua tu! Zege ya huyu huyu, kila Ijumaa naila!"

Nikawa natafuta pa kuanzia, chumbani mlango ukafunguka. "We kijana, usifunge kwanza. Mishkaki ipo?"

"Ipo mama."

"Lete ya watu sita na ndizi. Hela utadai kwa huyo anayetisha pweza."