Nyonga bandia ikiliwa: lawama ni ya uzito au ya kichwa kikubwa?

Chuma kilichomo mwilini hakishiki kutu kama jembe lililosahaulika mvuani, ila nacho huliwa. Katika nyonga bandia, mahali pa kuangalia ni pale kichwa cha duara kinapochomekwa kwenye shingo ya shina lililozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Kila hatua hupatikisa kidogo mno. Utando unaokilinda chuma hukwanguka, majimaji hupenya, metali za kobalti na kromi huvujia kwenye nyama za jirani.

Wa kwanza kunyooshewa kidole huwa mgonjwa: mzito, hatulii. Si uongo, maana mzigo ukizidi mtikisiko nao huzidi. Lakini chukua watu wawili wenye kilo zilezile, mmoja ana kichwa cha kobalti na kromi, mwingine cha kauri. Hatari zao hazilingani, na hakuna kati yao aliyejichagulia kipuri.

Ukubwa wa kichwa ndio unaoumiza akili. Cha milimita 36 hakiteguki kirahisi kama cha 28, na kuteguka ni miongoni mwa sababu kuu za kurudishwa chumba cha upasuaji. Kichwa hichohicho, kwa ukubwa wake, huisokota shingo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo daktari anayemwekea kichwa kikubwa mzee ambaye misuli yake imelegea simwoni kuwa mzembe. Ninachohoji ni kukiweka cha chuma wakati cha kauri kipo. Kauri huweza kupasuka, ndiyo, ila kwa zinazotengenezwa sasa ni nadra.

Nyonga za aina ya ASR za kampuni ya DePuy, zilizoondolewa sokoni mwaka 2010, zilikuwa kesi tofauti kidogo: kichwa na kikombe kinachokipokea, vyote chuma, vikisagana. Huko wanawake waliathirika zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa udogo wa saizi za nyonga walizowekewa, si jinsia yenyewe.

Jambo moja halina mjadala: wakati wa upasuaji shingo ifutwe damu na mafuta, ikauke, kisha kichwa kigongwe kikae barabara.

Kupima damu ya kila mwenye nyonga ya kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki, hata asiyeumwa, naona ni kutafuta hofu. Mwenye maumivu ya kinena yasiyoeleweka ni habari nyingine: kobalti ikipita mikrogramu 1 kwa lita, tena ikiizidi kromi, macho yaelekezwe pale shingoni.