Kiti cha kushoto

Mwaka jana nilipanda basi dogo kutoka hapa Lubumbashi kwenda Likasi, safari ya kilomita kama 120. Niliwahi, nikapata kiti cha mbele, kile kinachogombaniwa na kila abiria kwa sababu miguu inapumua. Basi lilikuwa la usukani wa kuume, kama mengi tunayoyapokea yakiwa yamekwisha tumika nchi nyingine. Lakini Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo shoferi alikaa upande wa majani, na mimi abiria ndiye niliyekaa katikati ya njia.

Tukakuta kamyo, yaani lori, ya madini inajikokota kwenye mlima. Shoferi akainama kuelekea kwangu, akachungulia, hakuona kitu zaidi ya turubai. Akaniuliza: "Mama, iko wazi?"

Wakati huo sikuwa nimewahi kushika usukani hata siku moja. Nilitazama lami, nikaona tupu mpaka kwenye kona, nikajibu: "Iko wazi, papa." Akatoka. Tulipokuwa sawa na matairi ya nyuma ya kamyo, taa zikatokea konani. Yule wa kamyo alifunga breki, na huyo wa mbele akashuka pembeni, vumbi likatufunika. Nyuma yangu mama mmoja aliita jina la Yesu mara tatu. Kisha safari ikaendelea, na watu wakarudi kwenye mazungumzo ya bei ya unga.

Nimeipigia hesabu siku ile mara nyingi. Gari mbili zikikutana, kila moja ikiwa na mwendo wa 80 kwa saa, nafasi kati yao inapungua mita 44 kila sekunde. Kamyo ndefu huipiti kwa sekunde chini ya 8. Basi nilipaswa kuona zaidi ya mita 350 za njia tupu. Nilikuwa nimeona labda 150. Hakuna aliyekuwa amenifundisha, na bado watu wote wa basi lile walikuwa mikononi mwa jibu langu.

Ndiyo maana nikaenda kujifunza. Mwalimu wangu ni jirani, papa mmoja aliyeendesha kamyo miaka mingi. Siku ya kwanza hakuwasha hata mashine. Aliniketisha kwenye usukani, akaanza kuzunguka gari polepole, akasema: "Binti yangu, nikipotea kwenye vioo, piga honi." Nilipiga honi mara nne. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, mtu mzima mwenye shati jeupe, na vioo vyote vitatu vinaniambia hakuna mtu. Fikiria basi mtoto anayeuza maji ya pakiti.

Somo hilo linachukua dakika kumi. Ninasikitika sana kwamba maelfu wanaendesha mjini mwetu bila kulipata. Kijana anaanza kama konvoyeri, yaani msaidizi wa shoferi, anapewa gari alisogeze kwenye parkingi, Jumapili moja anazunguka nalo mtaani Katuba, na mwezi unaofuata amebeba watu 18. Permi, yaani leseni ya kuendesha, anaipata kwa kulipa. Kijana simlaumu, anatafuta chakula. Ninawalaumu wakubwa tunaomkabidhi ufunguo na kumsifu kwa kufika haraka. Sheria ya barabara tunayo tangu Agosti 1978, ina umri mkubwa kuliko mashoferi wengi, lakini ni wangapi wameisoma?

Na barabara yetu inadai mafunzo kuliko nyingine. Zambia wanapita kushoto. Dereva anayetoka huko anabadilisha upande mpakani Kasumbalesa, halafu anapanda kuja kwetu na usukani wake wa kuume, mzigo mzito nyuma, usingizi machoni. Februari 2019, karibu na Tenke, kamyo ya asidi iligongana na basi na watu karibu 20 wakafa. Mzigo kama huo hausamehi kosa.

Ongeza mvua. Zile za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi vinageuka utelezi juu ya lami. Jirani yangu alinipeleka nje makusudi mvua ilipoanza, akanifanya nifunge breki nikiwa 30, kisha nikiwa 60, kwenye uwanja mtupu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Nilikuwa nimelisikia hilo, lakini siku hiyo nililihisi tumboni.

Kwa manseba, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, nina ombi moja tu: kofia ya abiria isiwe pambo la kuning'inia kwenye usukani wa pikipiki. Ifungwe kidevuni.

Mwezi uliopita nilirudi Likasi. Kiti kilekile, usukani wa kuume uleule, shoferi mwingine. Kwenye mlima akaniuliza: "Mama, iko wazi?"

Nilimwambia: "Papa, kona iko karibu. Baki nyuma."

Alipumua kwa hasira kidogo. Akabaki. Tulifuata moshi wa kamyo ile muda mrefu, madirisha yamefungwa, mpaka njia iliponyooka na sote wawili tukaona.