Anayetaka uuguzi aanzie kwenye mizani

Mtihani wa kidato cha nne ukiisha Novemba, vijana wa Mtwara na Lindi wanaotaka kusomea uuguzi, utabibu au maabara hubaki na miezi kadhaa mikononi. Wengi wakienda kuomba kujitolea, macho yao yako chumba cha sindano. Kwa maoni yangu wanagonga mlango usio wao. Kazi inayowasubiri iko benchi la kliniki ya watoto, kwenye mizani na utepe wa rangi unaopima mzunguko wa mkono wa mtoto.

Sindano, kutoboa kidole kupima malaria, kugawa dawa: hizo si za mtu asiye na mafunzo, hata foleni ikifika mwembeni. Ukiombwa, kataa kwa adabu. Kupima unaweza kufundishwa na muuguzi kwa asubuhi mbili, na ukipima vibaya kuna mtoto atakayerudi nyumbani bila tiba.

Utepe ni wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama kwa kalamu. Mkono ukishanyooka na kulegea, ndipo uzungushe utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na zaidi ni kijani. Makosa mengi yako kwenye vidole vya mpimaji. Utepe ukilegea, mwanga ukapita kati yake na ngozi, mtoto wa nyekundu anasomeka njano. Ukiubana hadi ngozi ijikunje, wa kijani anasomeka njano na mama anaondoka na hofu ya bure. Kisha bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya nyayo zote mbili, sekunde 3. Vishimo vikibaki pande zote, mwite muuguzi papo hapo, hata utepe useme kijani. Mtoto huyo amevimba, hajanenepa.

Mizani ya kutundika irudishwe sifuri kaptula ya kumbebea mtoto ikiwa tayari imening'inia. Mtoto avuliwe nguo, na mshale ukicheza, subiri utulie.

Kuingia si kazi ngumu: chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, umpelekee mganga mfawidhi wa zahanati siku isiyo ya kliniki. Omba siku 1 kila wiki kwa miezi 3. Naipenda kuliko wiki 2 mfululizo, maana mama hurudi kila mwezi, nawe utaona mstari wa uzito wa mtoto yuleyule kwenye kadi ukipanda au ukilala. Msimu wa korosho familia nyingi huhamia mashambani na kliniki inarukwa. Hapo miguu yenu vijana inahitajika sana, mkifuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Uliza pia chanjo yako mwenyewe ya homa ya ini B. Dozi ni 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Ukianza Novemba, Mei umemaliza, kabla chuo hakijafunguliwa.

Na ulichosoma kwenye kadi ya mtu kibaki zahanati. Mama akisikia habari zake kisimani, kliniki haimwoni tena, wala mtoto wake.