Nimeng'atwa na Polisi, na ushahidi wote unanikandamiza mimi

Nianze na jina maana ndo chanzo cha nusu ya aibu yote. Mbwa wangu anaitwa Polisi. Sikumpa mimi, nilimkuta nalo, jirani yetu mmoja alihamia Dodoma akaniambia "kaka nakuachia Polisi, mpe ugali na dagaa tu hana shida", na kweli hana shida, mbwa wa kibongo wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limesimama jingine limelala, usiku anabwekea mpaka majani ya muembe yakidondoka. Mpaka Februari hii hajawahi kuumwa hata mafua.

Sasa joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, hata feni inapuliza moto. Jumamosi asubuhi natoka nje namkuta kalala chini ya simtanki, hainuki. Namuita, anatikisa mkia mara moja tu, kama mtu aliyepokea simu akagundua anayepiga anamdai. Ugali wa asubuhi kaunusa kauacha. Nikamshika pua, kavu! Na mimi kwa elimu yangu ya kuokoteza vijiweni najua pua ya mbwa ikikauka basi hapo hali ni mbaya.

Nikaingia ndani nikachukua kipimajoto cha mtoto, kile cha kulia piii, nikamuweka Polisi kwapani, nikamshika mguu kama nesi. Kikalia. 38.4. Jamani, mtoto wetu akifika 38.4 nyumba nzima hailali, bodaboda anaamshwa saa nane usiku.

"Mama J, Polisi ana homa kali!"

Mama J yupo jikoni hajageuka hata shingo: "Si umsagie panadol uweke kwenye mchuzi."

Na nilisaga. Viwili, kwa kisigino cha kijiko, nikachanganya na mchuzi wa jana. Bakuli lilikuwa mkononi kabisa, nainama, ndo shemeji akaingia getini. Baadae nilikuja kujua kwamba hiyo ndo huduma pekee ya maana shemeji aliyotoa siku ile, kufika.

Shemeji huyu, kaka yake Mama J, ni fundi wa kila kitu ambacho si chake. TV yako ikizima anaifungua, kesi yako ya kiwanja anakupa hukumu kabla hujamaliza kusimulia. Akamtazama Polisi kwa mbali, mikono nyuma, akasema "Tupa huo mchuzi. Hiyo homa ni ya kupe. Mgeuze."

Tukamgeuza. Polisi hakukataa, alidhani anakunwa tumbo, miguu minne juu, ulimi nje, raha tupu. Shemeji akawasha tochi ya simu mchana wa saa nne, jua linawaka, sijui alikuwa anatafuta nini na tochi, ila akaona.

"Huyo hapo."

Na mimi nikamuona. Chini ya tumbo upande wa kushoto, mweusi, mviringo, kanona kama punje ya maharage, kakaa zake kwenye manyoya katulia. Kupe wa miaka yote. Nikambana kwa vidole nikavuta, hatoki. Polisi akainua kichwa.

"Usimvute mkavu," shemeji akasema, "ataacha kichwa ndani. Mmwagie mafuta ya taa, ataachia mwenyewe."

Mafuta ya taa nayaokota wapi zama hizi? Nikakumbuka jiko la mchina kule stoo, nikaenda kulikamua, nikapata kama nusu glasi. Nikamwaga yote. Dakika ya kwanza kupe hajaachia. Dakika ya tatu hajaachia. Polisi kaanza kunung'unika kwa sauti ya chini, ile kama pikipiki ipo mbali, na mi nachukulia ni homa inapanda. Shemeji kachuchumaa pembeni anatoa uchambuzi: "Aisee huyu si kupe wa mjini. Huyu katoka porini huyu. Angalia alivyong'ang'ania."

Nikaenda kuchukua kibano cha nyusi cha Mama J. (Hii sehemu Mama J alijua baadae, na nadhani ndo iliyomuuma kuliko vidonda vyetu wote.) Nikarudi, nikapiga goti, Polisi ananiangalia machoni, yale macho ya mbwa kukupa nafasi ya mwisho ya kubadili mawazo. Nikabana vizuri. Nikavuta kwa nguvu zote za mtu aliyekula chapati tatu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka ukelele mmoja, sijui ulikuwa wangu au wake, nakumbuka meno kati ya kidole gumba na cha shahada, na nakumbuka kumuona shemeji juu ya ukuta wa jirani. Ukuta ule una chupa juu. Na shemeji ana mgongo, miezi sita kakataa kunisaidia kubeba godoro.

Mama J akanifunga mkono na kipande cha kanga, na mimi akili yote ipo kwa Polisi maana pale tumboni palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu, na kupe bado yupo. YUPO. Nikasema hapa sasa tumefika kwenye upasuaji. Nikaita bajaji. Dereva akamuangalia mbwa, akanusa, akatoa sigara mdomoni akaizima taratibu kwa kiatu, akauliza: "Bro, huyo anatumia petroli au dizeli?" Nikalipa nauli ya watu wawili.

Daktari wa mifugo tuliyemkuta ni mama mtu mzima, kavaa gambuti na miwani ya kamba, ana duka la dawa za mifugo mbele na chumba cha matibabu nyuma. Kabla sijasalimia vizuri akauliza nani kammwagia huyu mafuta ya taa. Nikasema shemeji. Nani kamvuta? Shemeji. Nani kasema ana homa? Nikaanza kusema shemeji, nikaishia njiani, ile nilipima mwenyewe.

Akatoa kipimajoto chake, akakipaka mafuta, akakiweka kule nyuma ambako ndo mahali pake (nilimtumia Mama J meseji hapo hapo asitupe cha mtoto, chetu kiliishia kwapani). 38.9. Nikashika kichwa, imepanda!

"Tulia baba," akasema. "Mbwa kawaida yake ni 38.3 mpaka 39.2 hivi. Angekuwa na 37 kama wewe ndo ningeshtuka."

Na pua? Pua haina habari, inakauka akilala, inakauka juani, inalowa akijilamba. Akamfunua mdomo akanionyesha fizi, za pinki, akabonyeza kwa kidole pakawa peupe halafu papo hapo pinki ikarudi. Akasema hapo ndo pa kuangalia, fizi zikiwa nyeupe kama karatasi, au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, hiyo kweli inaweza kuwa homa ya kupe na usikae nyumbani unamsikiliza shemeji. Nikamtajia panadol. Akavua miwani. Akasema mbwa inaweza kumharibu ini, dozi anapangiwa na daktari kwa kilo zake kama kuna sababu, na kwa paka usijaribu kabisa, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Na hizi diclofenac mnazotafuna kama karanga, zinamtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Nilikuwa naitikia tu "sawa daktari, sawa daktari" huku bakuli la mchuzi linanijia machoni.

"Jana alikula nini?"

Hapo ndo nikakumbuka. Jana yake jirani wa nyuma alikuwa na shughuli, masufuria ya pilau yameoshewa uani, na Polisi hakuonekana toka saa kumi jioni mpaka usiku. Daktari akambonyeza tumbo, akacheka. "Huyu kavimbiwa, na joto hili. Mpe maji, mpumzishe na chakula leo. Ila mifupa ya kuku iliyopikwa angalia sana, inapasuka inakuwa kama sindano."

Nikasema sawa, sasa tumtoe kupe.

Daktari akainama kuangalia. Akakaa kimya muda mrefu kidogo. Akachukua kidole changu cha mkono mzima, akakiweka juu ya kupe. "Moja," akasema. Akakisogeza pembeni kwenye manyoya. "Mbili." Akakisogeza juu. "Tatu." Tukaenda hivyo, kushoto tano, kulia tano, kumi, zimepangwa kama vifungo vya koti.

"Zote hizi kupe?" akaniuliza.

Nikaanza kutokwa jasho jipya, tofauti na lile la joto.

"Hizi ni chuchu, baba. Hii moja ina rangi nyeusi tu."

"Lakini daktari," nikasema, na naomba mnielewe nilikuwa bado najitetea, "huyu ni dume."

Akaniangalia. Shati langu lilikuwa wazi vifungo vitatu kwa ajili ya joto. Akaliangalia shati.

"Kwani wewe ni jike?"

Kijana wa dukani kule mbele akaangusha kitu.

Na kibaya zaidi, kupe walikuwepo. Wawili, wa ukweli, ndani ya lile sikio lililolala, mahali ambapo sisi na tochi yetu hatukupita hata karibu. Daktari akasema kupe anapenda masikioni, katikati ya vidole, shingoni chini ya mkanda. Akachukua kibano chembamba, akabana karibu kabisa na ngozi, kwenye mdomo wa kupe na sio kwenye tumbo lake, akavuta taratibu moja kwa moja, bila kuzungusha, ndani ya sekunde kumi wote wapo kwenye kopo la spiriti na Polisi hajui kama kaguswa. Mafuta ya taa, kiberiti, vaselini, vyote hivyo alisema vinamsumbua tu kupe mpaka anatapikia uchafu wake kwenye damu ya mbwa, na ngozi inaungua juu. Akamuosha Polisi kwa sabuni, akampaka dawa, akamvalisha ile kola ya plastiki asijirambe. Akawa kama dishi. Watoto wa mtaani walishaanza kumuuliza anashika chaneli ngapi.

Nikadhani tumemaliza, natoa hela, akaiona kanga mkononi. "Na hiyo?"

Akanivuta mpaka kwenye sinki. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano, kapiga saa ukutani, nikilegeza tu anasema "bado". Kadi ya chanjo ya Polisi nilikuwa nayo kwenye simu, picha, nikamuonyesha kwa kujiamini. 28 Septemba, siku ile wanachanja bure. Akaikuza picha. Ya mwaka juzi. "Chanjo ni kila mwaka, baba. Nenda hospitali sasa hivi, sio kesho. Kichaa cha mbwa dalili zikishatoka hakuna cha kufanya tena."

Basi hospitali. Dirisha la mapokezi, nyuma yangu foleni, wamama na watoto, mzee mmoja na mkongojo. Nesi kijana, sauti yake ni ya kipaza sauti.

"Shida nini kaka?"

"Nimeng'atwa."

"Na nani?"

Nilikuwa nimechoka jamani, nimepigwa jua, nimepigwa na daktari, sikufikiri. Nikasema: "Polisi."

Foleni ikanyamaza. Nesi akaacha kuandika. "Polisi kakung'ata? Kwa meno?"

"Ndio."

"Kituo gani?"

"Hapana, yupo nyumbani kwangu. Analala chini ya simtanki."

Mzee wa mkongojo akasogea karibu kidogo.

"Kaka," nesi akashusha sauti, na bado wote wanasikia, "mlikuwa mnagombana?"

"Hapana dada, nilikuwa namvuta chuchu."

Sitaeleza kelele iliyofuata. Mama mmoja alimziba mtoto masikio. Ilinichukua muda kusema neno MBWA, na nilipolisema nesi alishalaza kichwa kwenye daftari mabega yanamtikisika. Akainuka anafuta macho, akaniambia kwa taratibu zao hapo nilete PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Yaani niende kituoni, kwa polisi, nieleze kuwa nimeng'atwa na Polisi. Nilienda. Hiyo mazungumzo nakufa nayo.

Sindano yenyewe begani, sio zile kumi na nne za tumboni nilizotishiwa toka utotoni. Narudi siku ya tatu na ya saba, kila nikifika nesi anauliza "afande hajambo?" Na nikaambiwa nimuangalie mbwa siku kumi, akibadilika tabia, akishindwa kumeza, akitokwa mate hovyo, nitoe taarifa haraka. Kwa hiyo siku kumi nikawa nakaa kibarazani namchunguza Polisi, na Polisi na dishi lake kakaa mbali ananichunguza mimi, kila nikiinuka anajikunja kulinda tumbo.

Siku ya kumi akasamehe. Akaja mwenyewe, akajilaza, akageuka miguu juu. Namkuna taratibu, napita mbali na ile nyeusi, ndo geti likagonga akaingia shemeji, ana plasta mbili kwenye kiganja za zile chupa za ukutani. Akasimama, akainama, akawasha tochi.

"Shem," akasema kwa huzuni, "kupe bado mnaye? Tena wameongezeka."