Desibeli 83 za LS3/5A: kasoro au bei ya kulipa?

Anayetaka kuiunda upya LS3/5A huanza na lawama ileile: spika hii ina sauti ndogo. BBC waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa haikuwa na pa kukaa. Sanduku la lita 5 hivi, limezibwa pande zote, lina wufa (kipaza cha sauti nzito na za kati) ya KEF B110 na twita (kipaza cha sauti nyembamba) ya T27. Ukiipa volti 2.83, mita 1 mbele yake hupati zaidi ya desibeli 83. Spika nyingi ndogo za leo hutangazwa kwa 86 hadi 89. Basi, wanasema wanaotaka kuibadilisha, tutie wufa nyepesi, tutoboe tundu la besi (mrija wa hewa unaoongeza sauti nzito), kazi imekwisha.

Hawajakosea kulalamika. Amplifaya ndogo huishiwa nguvu mapema, na mnunuzi anayelinganisha spika mbili dukani huvutiwa na ile inayopiga zaidi.

Ila hizo volti 2.83 zitazame vizuri. Kwenye omu 15 (kipimo cha ukinzani wa umeme) za LS3/5A ya awali ni kama nusu wati. Kwenye omu 4, ambazo spika nyingi za sasa huzikaribia, ni wati 2. Mara nne! Karibu desibeli 6 za tofauti ile zinatoka kwenye amplifaya, wala si kwenye ufundi wa spika.

Kuna na upana wa sanduku, sentimita 19. Juu ya hezi 600 hivi (mitetemo 600 kwa sekunde), sauti husukumwa mbele. Chini ya hapo hulizunguka sanduku na kusambaa nyuma, na aliyeketi mbele hupungukiwa hadi desibeli 6. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, haina uwezo wa kurudisha kilichopotea. Inachoweza ni kupunguza kilichobaki. Koili kubwa huwekwa kwenye njia ya wufa hadi sauti ya kati ishuke ilingane na besi, kisha twita nayo hushushwa; hiyo ndiyo fidia. Wufa iliyopimwa desibeli 89 ikipita humo hutoka na 83 au 84. Anayekuuzia sanduku la upana huo kwa 89, omu 8, amepunguza fidia hiyo, na utaijua kwa sauti ya mtangazaji wa kiume: inakuwa kama ya mtu asiye na kifua.

Tundu la besi? Piga hesabu. Ili tundu livume kwenye hezi 55 katika sanduku la lita 5, mrija wa kipenyo cha sentimita 3.5 unataka urefu wa sentimita 16.5, na kina cha ndani hakifiki 14. Utaukunja. Ukiupanua hadi sentimita 5 ili hewa isivume, urefu unapita 35. Juu ya hayo, chini ya hezi 55 hewa haiizuii tena wufa, nayo hupwaya.

Kuta nazo hudharauliwa bure. Plaiwudi ya milimita 12 iliyobandikwa vipande vya lami ndani, ukiigonga, hulia "pu" fupi na kunyamaza. MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa) nene isiyobandikwa kitu husogeza mvumo wake juu, kwenye eneo ambalo sikio huchunguza sauti za watu. Na ukiweka kuta za milimita 25 bila kuongeza vipimo vya nje, umekula zaidi ya theluthi ya nafasi ya ndani.

Wanaotaka mabadiliko wana haki kamili kwenye wufa. Koni ya B110 ni ya Bextrene, plastiki iliyohitaji kupakwa dawa ya kutuliza mvumo, na haikutoka sawa kila mara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 krosova ilibuniwa upya na spika ikawa ya omu 11. Koni ya polipropilini ni rahisi kuizalisha bila tofauti kubwa. Toleo jipya lichukue hiyo, lishuke hadi omu 8, kila wufa ipimwe na kuoanishwa na mwenzake, krosova irekebishwe kwa wufa zilizomo na isinakiliwe kutoka mchoro wa zamani. Sanduku libaki limezibwa, fidia ibaki nzima, na kwenye kibandiko cha nyuma iandikwe 84.